Kinanda cha Shemeji

Jina lake lote, kwa jinsi wateja walivyolitamka, lilikuwa Fundi Sindano wa Mlango wa Bluu: binti wa Mzee Koleo, aliyeziba matundu ya sufuria za mtaa mzima mpaka moshi wa risasi ya kulehemia ukamla kifua, mjukuu wa bibi aliyeshona mikoba ya ngozi ambayo hadi leo kuna watu wanaibeba. Yeye mwenyewe alikuwa amefufua vinanda vya santuri vya kila namna. Vya kuzungushwa kwa mkono, vya betri, vya umeme, vile virefu vyenye miguu kama kabati, na hata kimoja ambacho kuku alikuwa amekigeuza kiota na kutagia humo. Alipoanza kazi wanaume wa mtaa walimcheka. Alipoendelea walinyamaza. Alipozeeka wakaanza kusema kwamba wao ndio waliomtia moyo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la baiskeli, kina dirisha moja na meza moja, na ukutani ameegemeza vifuniko vya vinanda ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Humo ndani kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, uchafu kwanza: kabla hajagusa waya wala kukaza skrubu, alisafisha kila kitu mpaka chuma kikarudi kuwa na rangi ya chuma. Ya pili, mashine haitoki kwenye mlango wa bluu ikiwa inadanganya. Kwa ajili hiyo alikuwa na kadi ya duara yenye mistari myeusi, ambayo huwekwa juu ya sahani inayobeba santuri, inapozunguka chini ya taa ya mrija. Mistari ikionekana kwenda mbele, kinanda kinakimbia. Ikirudi nyuma, kinasinzia. Ikisimama tuli kama iliyochorwa ukutani, mwendo ni wa kweli. Wateja waliosema wao wanasikia sawa tu aliwaonyesha kadi. "Masikio hubembelezwa," aliwaambia. "Mistari haina mjomba."

Kinanda kimoja tu hakuwahi kukifungua, nacho kilikuwa cha shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji alikuwa fundi cherehani. Ujanani aliimba kwenye bendi ya dansi, na bendi ile iliwahi kutoa santuri moja. Upande mmoja wa santuri hiyo sauti inayoongoza ni yake. Kinanda alikinunua kwa mgeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, akakiweka kando ya cherehani, na hakuruhusu mkono wa mtu.

"Shemeji, hebu nikupangusie hata vumbi," Fundi Sindano alimchokoza kila alipopita.

"Wewe? Siku ukikifungua kinanda changu ujue nimekufa."

"Basi ufe upesi, maana vumbi linazidi."

Na dada, aliyekuwa pembeni akitia vifungo kwenye mashati, alicheka mpaka akajichoma kidole.

Shemeji akafa kweli, binti yao akiwa bado hajasimama dede. Dada alibaki na cherehani, kinanda na mtoto, na hakuolewa tena. Kila jioni, wateja wakishaondoka na mlango ukishafungwa, santuri iliwekwa. Fundi Sindano akaomba tena kukisafisha. Dada akamjibu kwamba kinanda cha marehemu hakiumwi. Wakanuniana, wakapatana, likapita. Ndivyo mtoto yule alivyomjua baba yake: sauti nyembamba, nyepesi, ya kuchekacheka, ikitoka kwenye sanduku. Fundi Sindano aliona kwamba mwimbaji anaimbia puani kidogo, akadhani ndivyo vijana wa bendi walivyopenda siku zile. Hakusema. Nani atamsengenya marehemu mbele ya mjane wake?

Miaka ikaenda, dada akazeeka, na akili ikaanza kumtoka. Kwanza yalipotea majina ya majirani, kisha njia ya dukani, kisha mdogo wake mwenyewe. "Mpe chai huyu mama," alimwambia binti yake kila Fundi Sindano alipoingia, "lakini vijiko uviangalie." Fundi Sindano alicheka pale pale mbele yake, na machozi akayabeba mpaka njiani.

Kilichombakia dada kilikuwa santuri ya jioni. Alikaa kwenye kiti chake, kiganja kimelala ubavuni mwa kinanda, akitazama karatasi nyekundu ya katikati ya santuri ikizunguka, na kinywa kikafunguka chenyewe. Hapo ndipo binti yake alipopata nafasi ya kumlisha. Pasipo santuri, meno yalikazwa na kijiko kikarudi kilivyokwenda.

Ndipo kinanda kikanyamaza.

Binti alikuja nacho kwenye mlango wa bluu kimefungwa kwenye shuka, amekikumbatia kama mgonjwa. Alikuwa mwanamke mtu mzima, msusi mwenye saluni yake kwenye kona, na siku hiyo aprini ya kazi bado ilikuwa kiunoni.

"Mama mdogo, kimekufa."

"Kinanda hakifi, kinaumwa. Kiweke hapo."

"Mama hali chakula. Anameza maji tu. Nikimletea kijiko ananiuliza, 'Mume wangu ameshakula?' Nimjibu nini? Nimemwekea nyimbo kwenye simu, akaichukua simu akaitia chini ya mto, akasema inapiga kelele." Alijifuta uso kwa aprini. "Nesi wa zahanati amempima. Anasema akizidi kupungua atalazwa, apitishiwe mpira wa chakula puani."

"Dada yangu, mpira puani? Atamng'oa huyo nesi nywele."

"Atamng'oa na nguvu zipi, mama mdogo?"

Fundi Sindano akafungua shuka. Alivuta kiti, akawasha taa, akashika bisibisi. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kufunga ukungu, kwa hiyo alifanya kazi ameinamisha kichwa upande, kama ndege anayetazama punje.

Kwa macho ya fundi, mgonjwa hakuwa wa kutisha. Grisi ya mota ilikuwa imeganda kama sabuni ya zamani. Gurudumu la mpira, lile linalopokea mwendo kwenye ncha ya mota na kuupeleka kwenye sahani, lilikuwa limepasuka. Panya walikuwa wameonja waya, sindano imelika. Akasafisha kwa spiriti, akapiga msasa, akalehemu, akatia gurudumu jipya na sindano mpya. Kwenye ncha ya mota, nyembamba kama penseli, alikuta donge jeusi la nyuzi, mafuta na vumbi. Aliwahi kuona mengi ya hivyo. Mashine ikikaa karibu na cherehani hula kila kinachodondoka. "Tazama, hata mota imeota kidonda," alisema peke yake, akalikata kwa wembe, akalitupa kwenye kopo la taka.

Alipowasha, sahani ilizunguka kichovu, mistari ya kadi ikirudi nyuma mbiombio. Alielewa papo hapo: kinanda kile kilitengenezwa kwa umeme wa kwao yule mgeni, wenye mapigo tofauti na wa hapa, na ncha ya mota ilikuwa nyembamba mno kwa umeme huu. Akaenda kwa jirani yake mchonga vyuma amkatie pete ya shaba ya kuivika ile ncha.

"Fundi Sindano, wewe hustaafu tu?"

"Nasubiri wewe ujifunze kazi kwanza. Kata, na usinipunjie."

Pete ikaingia bila kulazimishwa. Mistari ikasimama tuli. Fundi Sindano akaweka santuri, akashusha sindano taratibu.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, pana, ya kifuani, ina mikwaruzo kidogo pembeni kama kitambaa cha sufu. Ndiyo sauti iliyowahi kumwita "shemeji" kutoka uani. Ndiyo iliyobisha hodi kwao kuposa, yeye akiwa msichana, amejibanza jikoni anachungulia. Miaka yote ile kinanda kilikuwa kinakimbia, nao walikuwa wakisikiliza mtu mwingine! Alirudia wimbo mara ya pili, kisha akazima, akapangusa sanduku kwa nta mpaka likang'aa. Kama ni kazi ya kumaliza nayo maisha, alijiambia, ni hii.

Jioni walikiweka mahali pake, kando ya cherehani iliyofunikwa. Dada alikuwa kwenye kiti, mikono imebaki mifupa na mishipa. Msusi alishika bakuli la supu. Fundi Sindano akashusha sindano mwenyewe, akarudi nyuma kusubiri shukrani.

Dada aliinua kichwa. Kiganja kilichokuwa kinaelekea kwenye sanduku kikasimama njiani.

"Nani huyu?"

"Ni baba, mama," msusi alisema. Lakini naye sauti yake haikuwa na uhakika.

"Baba gani? Jitu zima linanguruma chumbani kwangu, unaniambia baba? Mtoeni!"

"Dada, ndiye mwenyewe," Fundi Sindano alisema, amepiga goti. "Hii ndiyo sauti iliyokuja kukuposa. Sikiliza vizuri."

"Na wewe mwizi wa vijiko, nyamaza! Mume wangu mmempeleka wapi?"

Akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni, na kwa mkono ule dhaifu akausukuma mkono wa kinanda. Msusi aliudaka kabla sindano haijachana santuri. Supu ikamwagika sakafuni. Hawakupata kumtuliza mpaka sanduku lilipofunikwa shuka.

Nje, kwenye ujia, msusi alimgeukia mama yake mdogo.

"Umekifanya nini?"

"Nimekiponya."

"Basi kirudishie ugonjwa wake."

"Unajua unachosema? Ile sauti uliyoizoea si ya baba yako. Ni ya mtu anayekimbizwa. Nimekuletea baba yako mzazi ndani ya nyumba!"

"Mimi baba yangu ni yule," msusi alisema. "Huyu wako simjui. Na mama anakufa njaa, mama mdogo. Wewe na mistari yako."

Fundi Sindano akaondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anajibishana na msusi kichwani, na kila hoja alishinda yeye. Kwa nini alipe kosa ambalo si lake? Ametoa uongo akatia kweli. Kama watu wamezoea uongo, hiyo si kazi ya fundi. Alifika, akafungua, akawasha taa, akakaa. Ushindi wake wote ulikuwa hauna ladha. Mawazoni alimwona dada yake akiuma meno mbele ya nesi.

Asubuhi msusi alituma ujumbe: nesi amekuja, mizani imeshuka, gari la hospitali litakuja saa sita.

Fundi Sindano akalivuta kopo la taka, akalimwaga juu ya gazeti. Donge lilikuwa humo, limekatika vipande viwili. Alilisogeza karibu na jicho zima, akalikwaruza mafuta kwa ukucha, na kilichojitokeza hakikuwa uchafu. Nyuzi zilikuwa zimelazwa, moja ubavuni mwa nyingine, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka limeshikwa na gundi. Juu kabisa uzi mweusi. Chini yake wa bluu, ule wa sare za shule. Kisha mweupe, kisha wa kijani kibichi ambao aliukumbuka, kwa sababu dada alimshonea gauni la kijani kibichi alipofungua chumba hiki, na shemeji wakati huo alikuwa udongoni zamani. Mpaka katikati kabisa, uzi mmoja wa kahawia, mnene, wa suruali za kiume.

Alikaa nalo mkononi. Kwa hiyo shemeji aliziba upungufu wa mota kwa alichokuwa nacho, uzi, na akazidisha. Na baada yake kuna mtu aliyeendelea kuzungushia kila uzi ulipolegea. Mtu huyo hakuwahi kumwomba fundi wa familia msaada, wala kumwambia. Yeye fundi alikuja na wembe akalikata, akaliita kidonda.

Kulipima haikuwezekana, limekatwa, limebonyea. Akachukua zana, gundi na wembe. Kadi ya mistari aliiacha mezani makusudi.

Msusi alimfungulia mlango bila salamu. Fundi Sindano alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akafungua droo, akatoa kibunda cha uzi mweusi. Akakifungua kinanda mbele ya dada yake, mezani, akaing'oa ile pete ya shaba aliyoionea fahari, akaanza kuzungushia. Uzi ulipanda juu ya uzi, akafumua, akaanza tena, anapapasa zaidi ya kuona. Msusi alisimama nyuma yake amekunja mikono.

Mara ya kwanza walipoweka santuri, dada aligeukia ukutani. Fundi Sindano akainua sindano, akaongeza tabaka. Mara ya pili dada alikunja uso.

"Mzito," alisema.

Fundi Sindano akashika uzi tena, hajui aongeze kiasi gani. Dada alikuwa anautazama ule mkono na kile kibunda, na macho yake, ambayo kwa miezi yalikuwa yanapita juu ya watu kama wapita njia, yalitua.

"Ongeza uzi," alisema.

Fundi Sindano akaacha uzi ukining'inia.

"Unasemaje, dada?"

"Ongeza uzi, nilishakwambia. Unaimba kama mgonjwa. Na usiupandishe mgongoni, ulaze." Akanyoosha mkono kwa ukali, akanyang'anya ncha ya uzi, akaipitisha midomoni kuilowesha kama washonaji wanavyofanya, akairudisha. "Haya. Na haraka, nina mashati ya watu."

Fundi Sindano aliuma mdomo wa chini, akalaza uzi. Kumbe hata shemeji hakuwa amekosea. Walikaa wawili, mume na mke, mmoja anazungusha, mwingine anaamuru, mpaka wakapata sauti waliyoitaka, na walikuwa na haki nayo. Basi mwizi wa kweli alikuwa nani? Hakutaka kulifuata wazo hilo mpaka mwisho.

Alizidisha. Wimbo ukatoka mwembamba kama wa kitoto.

"Nani anamkimbiza?" dada aliuliza. "Punguza."

Akapunguza. Sindano ikashuka. Ikaja ile sauti nyepesi, ya puani, ya kuchekacheka. Msusi akaziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa dada ulisafiri polepole juu ya meza, ukafika ubavuni mwa sanduku, ukalala hapo, na kinywa kikafunguka.

"Kijiko!" Fundi Sindano alinong'ona. "Umesimama nini? Kijiko!"

Alikula nusu bakuli. Wimbo ulipokwisha akakaza meno. Wakaurudisha mwanzo, akala tena. Gari la hospitali lilipokuja nesi alikuta bakuli lingine linalambwa, akasema watasubiri waone, wiki hii tu, hakuahidi zaidi. Dada alipomwona mdogo wake pembeni alimwambia msusi ampe chai huyu mama, lakini avitazame vijiko. Kwa hiyo hakuna kilichorudi isipokuwa hamu ya kula.

Nesi alipoondoka msusi alimwandalia mama yake mdogo kiti, akamnawisha mikono yenye gundi.

"Nilikusema vibaya jana, mama mdogo."

"Ulisema kama mtoto mwenye mama. Acha hilo. Sikiliza. Uzi ule utalegea. Mota ikipata moto gundi inalainika, sauti inaanza kushuka, na mama yako atamkataa tena."

"Basi utakuja kuuzungusha."

"Sitakuja. Jicho hili limefunga pazia, na la pili linafuata. Leo nimebahatisha. Nitabahatisha mara ngapi?" Akauweka wembe mkononi mwa msusi. "Kata."

"Nini?"

"Kata huo uzi wote, uanze mwenyewe."

"Mama mdogo! Ndiyo kwanza ameanza kula!"

"Ndiyo maana nakwambia sasa hivi. Tumbo lina kitu, na mchana wote ni wako. Unataka kujifunza siku ambayo amekaza meno? Kazi yako ni nywele, vidole vyako vinajua kulaza kitu chembamba kisipande kingine. Kuanzia leo kazi hii ni yako."

Msusi aliutazama wembe, akamtazama mama yake aliyekuwa anasinzia kitini na supu ikiwa bado inang'aa kidevuni. Akainama, akakata. Uzi ukaachia, na ncha ya mota ikabaki uchi.

"Nani anakata uzi wangu?" dada aliuliza, macho yamefumba.

"Binti yako, dada."

"Anajua?"

"Hajui. Ndiyo anaanza."

Msusi alishika ncha ya uzi mpya, akageuka kwa Fundi Sindano, jasho limemtoka puani. "Niulaze kuanzia wapi?"

Fundi Sindano alisogeza kiti chake nyuma, mbali na meza, akakunja mikono mapajani isije ikajipeleka yenyewe.

"Usiniulize mimi," alisema. "Muulize yeye, maadamu bado anajibu."